Kitambaa Chenye Kiuno

Nafula mwanangu,

Mambo ya sufuria, blanketi, dawa za malaria na kupiga simu ukifika, mama yako aliyamaliza tangu Jumatatu, na mengine ameyarudia mpaka wewe mwenyewe unayasema kabla yake. Hapo sina la kuongeza. Ninaandika juu ya jambo lingine, ambalo nimelikalia miaka minane kama mtu aliyekalia msumari akaogopa kuinuka, watu wasije wakaona suruali ilivyotoboka.

Ni Ijumaa, saa tano asubuhi. Wewe uko Kibera kumuaga shangazi yako. Mama yako amepewa ruhusa huko anakofua nguo Lavington, na saa nane atakuja kukuchukua akiwa na barua hii kwenye mkoba. Nimemwambia akupe uisome hapo hapo kwa shangazi, kabla hamjaanza safari ya kurudi Kawangware, kwa sababu jioni kuna jambo litafanyika hapa nyumbani na sitaki likukute hujui lolote. Jambo lenyewe nitalisema mwishoni. Usirukie huko. Nakujua, hata redio ulikuwa unaifungua kwa nyuma kwanza.

Nianze na Jumapili iliyopita, maana ndiyo iliyonitoa usingizini. Mama Truphena alikusimamisha mbele ya kanisa, akakushika bega kama mwenyekiti wa kina mama anavyojua kushika bega, akasema: "Huyu mtoto mnaona hapa alianza kufuma akiwa class five. Hakufunzwa na mtu. Ni Mungu tu na hizo vidole zake. Sasa sisi kama kanisa ndio tunampeleka Eldoret akasomee hiyo kazi." Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Na wewe ukanitazama. Hukunikazia macho wala kununa. Ulinitazama tu kuona kama nitasimama.

Mimi nilikuwa naangalia kiatu changu. Ulipoona hivyo ukainamisha kichwa, ukasema, "Asanteni sana," ukarudi kuketi. Siwezi kusingizia mguu mbovu, maana mguu huo huo nimeusimamia kwenye mambo mengi ya kipuuzi, hata kugombania zamu ya maji. Nafasi ilikuwepo na nikaiacha ipite.

Mengine unayajua, na mengine ulikuwa mdogo. Wacha niyapange yote kama mimi ninavyoyakumbuka.

Tulikuwa bado Kibera, jirani kabisa na shangazi yako, nilipoanguka mjengoni. Nilikuwa mwashi, na si mwashi wa kubahatisha. Mawe yangu yalikuwa yananyooka hata bila kamba, na nilikuwa na mdomo wa kulisema hilo mbele ya kila mtu. Mbao ya jukwaa ilivunjika nikiwa ghorofa ya pili. Nilipotoka hospitali mguu ulikuwa na vyuma, na njia za Kibera zenye mteremko na matope zikanishinda. Ndiyo maana tulihamia huku Kabiro, ndani ya Kawangware, kwenye ploti ambayo chini ni tambarare na choo kiko karibu. Mama yako akaanza kutoka alfajiri kwenda kufua. Mimi nikabaki kitandani nikisikiliza wanawake wakipanga foleni ya bomba. Miezi mitano nilisikiliza foleni hiyo. Nilifikia kiwango cha kujua kwa mlio tu kama ni mtungi wa nani unaojazwa.

Siku moja mama yako akaleta sweta kuukuu aliyopewa kazini, akanirushia akiwa anafunga kitambaa kichwani tayari kuondoka. "Nifumulie hii," akasema. "Nataka uzi wa kiondo." Unajua mama yako ni mtu wa Kitui, mikono yake haijui kukaa bure, kikapu chake cha kiondo anakisuka hata akiwa anakemea mtu kwenye simu. Nilikaa na ile sweta asubuhi nzima. Nilipata ncha, nikavuta, na uzi ukawa unatoka mstari baada ya mstari bila kukatika, mpaka sweta yote ikawa donge moja la uzi magotini pangu. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoimaliza tangu nianguke. Nililia kidogo, na sioni haya kukuambia.

Baada ya hapo sikukamatika. Nikajua kwamba uzi wa sweta ukiufumua unabaki umejikunja kama nywele, lazima uuoshe, uuanike na kuuning'inizia chupa ya maji chini ili unyooke. Nikajiuliza kitambaa kinajengwaje. Nikaona ni kama ukuta: uzi unapita juu, unapita chini, na mstari unaofuata unageuza, kama tunavyokwepesha viungo vya mawe ili kiungo kisikae juu ya kiungo. Kile kitanda cha futi tatu kilichokuwa kimebaki fremu tupu nikakipigilia misumari juu na chini. Rula yako iliyovunjika ikawa ya kupitishia uzi. Uma mbili za jikoni nilizozifunga pamoja zikawa za kushindilia. Mama yako alizitafuta hizo uma wiki mbili akimshuku jirani.

Nilikuwa na furaha, Nafula. Hilo sikuwahi kukuambia. Watu wote walidhani naoza humo ndani, na mimi nilikuwa nasubiri mtoke, wewe shule na mama kazini, ili nifuate rangi. Lakini furaha yenyewe nilikuwa naifunga mlango. Kwetu Bungoma wanaume husuka vikapu, na hakuna anayewacheka. Wanasukia nje, mtu akipita anawasalimia. Mimi nilikuwa nafumua sweta za wanawake nyumba ikiwa imefungwa, huku mke wangu akitafuta unga kwa mikono yake. Niliona kwamba wenzangu wa mjengo wakijua, hilo ndilo jina watakaloniita mpaka kaburini.

Unamkumbuka Simiyu, aliyekuwa ananichanganyia saruji. Siku moja alinijia bila kupiga simu, na kilo mbili za sukari mkononi. Nikasikia sauti yake langoni, nikailaza fremu kitandani haraka, nikaitupia blanketi. Nilitaka mimi ndiye nikalie ile sehemu, lakini kwa mguu wangu huu alinishinda mbio. Alikaa mwishoni mwa shali niliyoifuma wiki tatu, pale pale penye misumari. Nikasikia nyuzi zikikatika moja moja. Saa mbili nzima alinipa habari za mjengo huku akijisogeza, na mimi nacheka mahali pa kucheka. Jana nilimpigia simu nikamweleza ukweli wote. Akasema, "Kwa hivyo ile siku nilienda nyumbani na misumari kwa matako nikidhani ni kunguni, ilikuwa ni kazi yako?" Alicheka mpaka salio likaisha. Jina nililoliogopa miaka yote hakuniita.

Lakini siku ile ya Simiyu niliumia kitu changu mwenyewe. Siku ya Mama Truphena ndiyo nilikuumiza wewe.

Walikuja watatu kuombea mgonjwa. Mimi nilikuwa chooni, na niliporudi niliwakuta wako ndani tayari, fremu imeegemea ukuta, kitambaa kimefika nusu. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeingia kutoka shule, begi bado mgongoni. Ulikuwa na miaka kumi. Mama Truphena akainama, akapapasa ule uzi.

"Na hii? Nani anafuma hapa?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli na machache ya uongo. Nikasema, "Ni huyu mtoto. Anacheza tu."

"Nafula? Wee, ni ukweli?"

Ukanitazama. Ile namna ya Jumapili, ilianzia hapo. Kisha ukasema, "Ndio. Ni mimi."

"Na unaanzanga aje?"

Nilidhani tumekwisha. Lakini ukaweka begi chini, ukaenda kwenye fremu, ukasema, "Unafunga uzi kwa msumari ya kwanza, unashuka nayo mpaka chini, unarudi juu. Usivute sana. Ukivuta inakunja." Kumbe jioni zote nilizodhani uko kwenye hesabu, ulikuwa unanitazama mikono. Hata kosa langu ulikuwa umeshalijua, la kuvuta sana, kabla mimi sijalijua.

Wakaondoka wakimsifu Mungu. Tukabaki wawili. Nilipaswa kukuomba msamaha hapo hapo, jambo likaisha likiwa bado dogo. Badala yake nikakuambia, "Umefanya vizuri." Ukauliza kama unaweza kwenda kucheza.

Kisha wakataka kitambaa cha meza ya kanisa. Nilikifuma mimi, ukakipeleka wewe. Nilikifuma kwa mikono ya mwashi, nikikaza kila mstari kama naogopa ukuta utaanguka, na kufika katikati kilikuwa kimejivuta kikawa chembamba, kikapanuka tena mwishoni. Mama Truphena alikitandaza, akakitazama, akasema, "Ni kizuri. Lakini kina kiuno kama msichana." Kanisa likacheka, nawe ukacheka nao. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia. Siku ya watoto ilipokaribia wakasema Nafula atafuma mbele ya watu, na atatengeneza cha pili, cha mimbari, kifanane na kile cha kwanza kabisa. Tulikuwa na wiki mbili. Kumbuka wiki hizo mbili kama unavyozikumbuka wewe, usinipunguzie. Nilifunga mlango na pazia. Ulikuwa unatoka shule unaingia kwenye fremu. Ulipopitisha uzi vibaya nilikugonga vidole kwa rula, ile ile rula yako. Nilikukasirikia kwa sababu hujui haraka kazi ambayo hukuomba kuijua. Ulilia mara moja tu, kimya, ukageukia ukuta ili machozi yasilowanishe uzi.

Siku ya nne ukawa umeshanipita. Vidole vyako vilikuwa vyepesi, huvuti, na kingo zako zilinyooka. Nikaona nawe ukaona: kitambaa hiki hakiwezi kufanana na kile cha kwanza. Yeyote mwenye macho angejua ni mikono miwili tofauti. Ukakaa ukivipima kwa macho, ukaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

"Baba, nikose wapi ndio ikae yako?"

Nikakuonyesha. Nilikaa karibu nawe, mtu mzima mwenye ndevu, nikakuonyesha hapa anza kuvuta, hapa kaza zaidi, hapa anza kulegeza. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa umejua kufuma vizuri siku nne tu, na mimi nikakufundisha kuharibu ili mimi nisiaibike. Siku ya watoto ulikimalizia mbele ya watu wote, na kiuno kikaonekana pale pale. Mama Truphena akakifananisha na kile cha kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Na mimi pale kwenye benchi, ukitaka kujua nilihisi nini, nilihisi fahari. Nilijiona nimelea mtoto mwerevu.

Mama yako hakuwa mjinga. Hakusema kitu kanisani, na hakunipigia kelele nyumbani. Jioni ile alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Mimi sitadanganya watu, na sitakuaibisha. Lakini huyo mtoto anakubebea mzigo, Baba Nafula. Na hajui kama anaruhusiwa kuuweka chini." Nikamwambia anakuza mambo. Hakurudia tena. Afadhali angerudia kila siku.

Nisikuchoshe na mabaya peke yake, maana nikiijumlisha miaka yote minane siyaoni kuwa mengi kuliko mema, na mema ndiyo yaliyonipa nguvu ya kuandika. Baada ya wiki zile mbili ungeweza kuichukia fremu. Ukarudi kwayo mwenyewe. Jioni tulikuwa tunakaa wote wawili, wewe upande huu mimi ule, hatusemi kitu, mama yako na kiondo chake mlangoni akilinda asije mgeni. Sijui baba wangapi hapa Kawangware wamekaa na binti zao muda mrefu hivyo bila runinga na bila ugomvi. Nilipewa hayo bila kustahili.

Na Jumamosi za soko la Toi, mwanangu. Tunapitia kwa shangazi, tunakunywa chai, tunashuka sokoni kuchagua sweta. Mimi nilikuwa naangalia rangi tu kama mjinga. Wewe ndiye uliyegundua kwamba sweta inageuzwa ndani nje kwanza. Ukaniambia, "Angalia hapa kwa ubavu, Baba. Hii imekatwa na mashini ikashonwa, ukifumua utapata vipande vipande. Hii ingine imeungwa kwa uzi mmoja, unavuta tu inafunguka yote." Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na wauza mitumba walikuwa wanakuogopa, maana ulikuwa unaacha sweta nzuri za lebo na kuondoka na iliyotoboka kiwiko, halafu unatabasamu. Wakiniuliza, "Mzee, hizi ni za nani?" nilikuwa nasema, "Ni za mtoto." Ulikuwa unasikia. Hukuwahi kunirekebisha.

Kuna siku moja hasa ninayotaka kukushukuru. Ulikuwa kidato cha pili, nikakukataza safari ya shule kwa sababu ambayo hata sasa siikumbuki, pengine sikuwa nayo. Ulisimama hapo mlangoni umefura, ukafungua mdomo, na mimi nilijua ni neno gani moja lingenimaliza. Ploti yote ilikuwa inasikiliza. Ukafunga mdomo, ukasema, "Sawa, Baba," ukachukua mtungi ukaenda bombani. Siri yangu ilikuwa mikononi mwako tangu ukiwa mtoto na hukunitishia nayo hata mara moja. Mimi ni mtu mzima na sijui kama ningeweza. Asante. Ningependa kuwa na neno kubwa kuliko hilo.

Sasa nije kwenye linalonisumbua zaidi, na ndilo ninalotaka ulisome polepole.

Kabla ya kufuma, wewe ulikuwa mtoto wa nyaya. Ulifungua redio yetu mara tatu na mara mbili ikarudi kuimba. Taa ya koridoni ilipozimika, fundi wa mwenye ploti alikuja akakukuta umesimama juu ya mtungi ukimweleza tatizo. Mwaka jana ulipoletewa fomu ya chuo nilikuona umeishika kalamu juu ya neno umeme muda mrefu. Kisha ukaiteremsha kwenye ufumaji. Nikakuuliza, "Umechagua unachotaka?" Ukasema, "Watu washajua ni kufuma, Baba. Wacha tu iwe kufuma."

Ulisema bila uchungu, ndiyo maana niliweza kujifanya sikuelewa. Nilielewa. Kanisa linapeleka mfumaji Eldoret kwa sababu mimi niliona haya mbele ya wanawake watatu. Huenda unaupenda uzi kweli. Nimekuona ukiwa peke yako ukifuma huku unaimba, na hakuna aliyekulazimisha kuimba. Huenda ungeupenda hata bila mimi. Lakini sijui, na nadhani hata wewe hujapata nafasi ya kujua, kwa sababu hukuwahi kuulizwa ukiwa huna mtu wa kumlinda.

Barua ya chuo nimeisoma yote, hadi yale maandishi madogo ya chini. Inasema mwanafunzi anaweza kubadilisha kozi ndani ya wiki mbili za kwanza. Nenda ukakae darasani mwao. Wana mashine za kufumia za kukanyaga kwa miguu, kubwa kama chumba chetu. Zikikushika moyo, kaa. Ukijikuta kila saa ya chai unasimama mlangoni kwa watu wa umeme, hama. Sitakuuliza kwa nini, na sitahuzunika. Nikihuzunika nitahuzunikia kwa Simiyu.

Najua utasema, na kanisa je? Wametoa walichokuwa nacho kwa sababu ya mfumaji, nitawaangaliaje? Hilo ndilo nimeenda kulitengeneza leo asubuhi, ulipoondoka tu.

Nilimkuta Mama Truphena kibandani kwake hapo stendi ya 46, anakata sukuma wiki. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia siku ya kuombea mgonjwa mpaka Jumapili. Hakuacha kukata. Nilipomaliza akasema, "Miaka minane, Baba Nafula. Na mimi nasimama mbele ya watu nasema ni Mungu hakufunzwa na mtu."

"Nilikudanganya, mama."

"Hukunidanganya mimi peke yangu." Akafuta kisu kwenye aproni. "Na kile cha pili, cha mimbari? Ni kazi ya nani?"

"Ni yeye. Aliniiga mpaka kosa."

Hapo ndipo aliacha kukata. Akaweka kisu juu ya ile sukuma. Akasema, "Mtoto wa miaka kumi." Akasema tena, "Mtoto wa miaka kumi, Baba Nafula."

Nikamuuliza, na akibadilisha kozi? Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani tunapeleka uzi Eldoret ama tunapeleka mtoto?" Kisha akaniambia kwamba jioni wanakuja kukuombea safari kama walivyopanga, kina mama wote na mchungaji, na kwamba yale niliyomwambia pale kwenye mboga niyaseme mbele yao, kwa sauti ya kusikika. Hakunitabasamia. Sikuondoka na msamaha wake, niliondoka na saa tu, saa kumi na moja. Nashukuru hata kwa hiyo saa.

Niliporudi niliitoa fremu nje. Nimeiegemeza ukutani karibu na bomba, ndipo nilipo sasa, naandika nikiwa nimeipa kisogo. Mama Brayo wa nyumba ya mwisho ameniuliza kama ninaiuza. Nikamwambia hapana, nafanya kazi. Ameweka mtungi wake chini, akasimama anatazama nikifuma mstari mzima, kisha akauliza kama uzi wa sweta ya mtoto unatosha kufuma mfuko. Nikamwambia alete tuone. Ni hayo tu yaliyotokea. Miaka minane niliyaogopa hayo.

Jioni utakapofika utakuta viti vya kanisa vimepangwa koridoni na watu wameketi. Watataka wewe uanze kusema. Mwambie Mama Truphena baba ndiye anaanza, anajua. Nitasema kwamba kitambaa cha meza ni changu, na kwamba nilikuweka mbele yangu ukiwa mdogo, na kwamba unakwenda Eldoret huna deni la kuwa yule mfumaji niliyewaambia kwamba ndiye wewe. Mimi si msemaji, unanijua. Nitababaika, nitajikuna ndevu, huenda nikanyamaza katikati na watu wakaanza kutazamana.

Hapo ndipo nina ombi moja kwako, na ndiyo sababu kubwa ya barua hii kukutangulia. Nikikwama, utataka kusimama. Utataka kusema neno la kunifunika, zuri, la haraka, nao watakuamini kama wanavyokuamini siku zote. Usiseme. Kaa na mama yako, mshike mkono, waache wanitazame vile nilivyo.

Nitamaliza mwenyewe.

Baba yako